Nyota Iliyosinzia Siku Isiyo Yake

Juzi jirani yangu alikuwa na shughuli ya kumwoza binti yake. Umeme ukakatika katikati ya sherehe, wakawasha jenereta nyuma ya turubai, palepale akina mama walipokuwa wakikaanga chapati. Moshi wa dizeli ukaingiliana na harufu ya mafuta ya moto, nami nikaweka sahani chini, nikatoka nje. Mama wa bibi harusi akanifuata mbio. "Jamani, chakula kina nini?" Nikamwambia hakina kitu. Ningemwelezaje kwamba harufu ile imenirudisha Geita machimboni, niko darasa la saba, nimenuna, mikono imejaa unga?

Ninyi wa rika langu mliokulia huku kwetu huenda mtanielewa. Hadithi yenyewe ni ya chapati, lakini siwezi kuisimulia bila kuanza na nyota.

Sisi ni pacha. Mimi Doto, mwenzangu Kulwa, na kwa Wasukuma ukisikia majina hayo huulizi zaidi. Yeye alitangulia kutoka, mimi nikafuata, na kuchelewa huko kidogo nimekulipia maisha yangu yote. Mama anaitwa Mama Kulwa. Baba ni Baba Kulwa. Mimi ni yule mwingine. Kilichonisaidia ni kwamba nyumbani kwetu Songwa kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: pacha hawabaguliwi. Anachofanyiwa mmoja afanyiwe na mwingine, la sivyo mmoja wao atadhoofika. Gauni mbili, madaftari mawili, mapaja ya kuku mawili. Kulwa akishikwa na malaria, wote tunameza dawa, na mimi mzima wa afya natoa machozi kwa uchungu wa vidonge huku Baba amenibana pua. Kulwa akivunja chungu, fimbo zinagawanywa nusu kwa nusu. Baba ndiye aliyeishikilia sheria hiyo kuliko wote. Akikosa kununua viwili, hanunui kabisa.

Tulipokuwa darasa la sita alikuja Mwalimu Leticia, wa sayansi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Nyumba yake ilikuwa ndani ya uwanja wa shule, nyuma ya kibanda chetu tukivuka shamba la pamba. Jioni moja mwisho wa mwaka, mvua ikiwa bado inatutega, alituita akatuonyesha nyota upande wa kaskazini. "Itazameni vizuri, kesho mtanieleza ikoje." Kesho yake ilikuwa vilevile. Keshokutwa yake ilikuwa imefifia kabisa, imekuwa kama kile kinyota kidogo kilichokaa ubavuni mwake ambacho siku zote hatukukijali. Tulishika vichwa. Nilimwambia Mwalimu kwamba nyota imetukonyeza kwa sababu sisi ni pacha, na imetutambua.

"Haijakutambueni," alisema Mwalimu, bila hata huruma. "Wenyewe wako wawili."

Akachukua viazi viwili jikoni kwake akatufafanulia. Kumbe ile tunayoiona ni moja ni nyota mbili zinazozungukana, moja ina mwanga mkali, nyingine mwanga wake hafifu. Ikifika zamu ya yule hafifu kupita mbele ya mwenzake, anamziba, na sisi huku chini tunaona mwanga unashuka kwa saa kadhaa kisha unarudi. Hutokea kila baada ya siku tatu kasoro kidogo. Mara nyingine huangukia mchana, hatuoni; zikifika zamu za jioni, tunaona. Mwalimu aliiita Algoli. Sisi tukaiita Msinziaji, na jina hilo ndilo lililokaa.

Basi akatupa kazi. Kila jioni isiyo na mawingu tumtazame Msinziaji na kumlinganisha na majirani zake. Akiwa sawa na nyota kubwa iliyo karibu, ni tano. Akiwa sawa na kile kinyota cha ubavuni, ni moja. Katikati hapo ni akili yako. Lakini Mwalimu aliweka sharti ambalo kwetu lilikuwa kama tusi: kila mmoja atazame peke yake. Mimi alinisimamisha kwenye goli la netiboli, Kulwa akamweka kule kwenye tanki la maji, na kila mmoja alikwenda kumnong'oneza namba yake sikioni.

"Kwa nini tusitazame pamoja?" niliuliza. Hatukuwahi kufanya kitu mbalimbali, hata kuoga.

"Kwa sababu ukishamsikia mwenzako, jicho lako limeshaharibika. Utaona alichoona yeye. Mimi nataka macho mawili, si moja lililorudiwa."

Ilituuma, lakini tukazoea. Tukaona raha kugundua kwamba tulikuwa tunapatana bila kusikizana. Kulwa aliona kufifia haraka kuliko mimi. Mimi nilikuwa mbishi, nikimpa Msinziaji nne mpaka anakaribia kuzimika. Mwalimu akatwambia pia jambo lililonikaa kichwani kuliko yote: kwamba njia za nyota hizo hazikai vilevile milele. Zinavutana, moja inamimina mwili wake kwa nyingine, na kuna nyingine ya tatu mbali kidogo inayowavuta wote wawili, kwa hiyo saa ya kusinzia inasogea. Watu huitazama ili wajue imesogea kiasi gani. Nikaapa moyoni kwamba ikisogea, atakayeona ni mimi.

Januari Baba akaja kutoka Geita kwa magongo. Alikuwa mchimbaji mdogo huko, na gogo la kuegemezea ukuta lilimwangukia ndani ya duara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, likamvunja mguu. Shimoni hashuki tena, lakini hakutaka kuliacha fungu lake kwa wenzake. Alimwomba Mama mtoto mmoja akamsaidie kupika na kuchota maji. "Shule ipo hukohuko," alisema. "Nitamwandikisha. Atafanya mtihani kama kawaida." Mama alisita siku mbili. Atamtoaje mmoja? Mwishowe Kulwa mwenyewe akasema, "Nitaenda mimi, mimi ndiye mkubwa." Kwa mara ya kwanza nilifurahi kuwa wa pili, na kesho yake nikalia mpaka sauti ikakauka.

Tuliachana na makubaliano. Kila mmoja aendelee na Msinziaji, na kila Jumapili Baba apige simu. Kulwa ataje namba zake kwanza, kwa ukubwa wake, kisha mimi. Mwalimu alikubali kwa furaha. Umbali kutoka goli la netiboli hadi tanki la maji ulikuwa mdogo, alisema; sasa angalau hatuwezi kuchunguliana.

Jumapili za mwanzo mambo yalikwenda barabara. Simu ya Mama, ile ya tochi, tuliichaji dukani na kuilinda kama yai. Kulwa anataja, nami nafuata na yangu, tunapatana, tunacheka. Alisema shule mpya ina watoto wengi mno na mwalimu mmoja anayefanana na mbuzi. Kisha Jumapili moja akasema Msinziaji alisinzia Jumanne. "Moja kabisa, Doto. Alizimika."

Jumanne ile mimi nilimpa tano. Na haikuwa hata wiki ya zamu zake za jioni.

Jumapili iliyofuata ikawa kinyume: zamu ya jioni imefika, kwangu Msinziaji amelala fofofo, Kulwa anasema tano, tano, tano, wiki nzima tano. Sikumwambia kitu. Nilikata simu, nikakaa juu ya gunia la choroko, nikawaza, na jibu likanijia lote kwa mara moja. Njia imebadilika! Mwalimu si alisema hubadilika? Kwa Geita imeshabadilika, na kwetu itabadilika baadaye, kama mvua inavyoanza upande wa ziwa ndipo ije kwetu. Nikajiona nimegundua jambo ambalo wazee wa sayansi hawajaligundua. Nikaona tukiitwa Dodoma, mimi na Kulwa, gauni zinafanana, tukipewa mikono. Nilivuka shamba la pamba mbio hadi kwa Mwalimu, hata hodi sikupiga.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anachambua mchele; akaweka ungo chini.

"Doto, kubadilika kupo. Lakini ni dakika. Dakika chache kwa miaka mingi sana. Mtu anaitazama mpaka anazeeka ndipo anasema, eh, huyu kachelewa kidogo. Hairuki kutoka siku hii hadi siku ile."

"Lakini Geita..."

"Mbingu ya Geita ni hii hii. Mnatazama nyota moja."

"Sasa mbona Kulwa kaona vile?"

Mwalimu Leticia hakuwa mtu wa kutafuta maneno, lakini siku ile aliyatafuta. "Nyota haijabadilika," alisema. "Sasa fikiria wewe mwenyewe ni kipi kilichobadilika."

Ilinichukua njia nzima ya kurudi nyumbani kumwelewa, na nilipomwelewa nilimchukia. Kulwa si mwongo! Niliipiga teke miche ya pamba ya watu. Siku nne darasani sikumjibu Mwalimu hata akiita jina langu. Lakini neno likishaingia limeingia. Jumapili ilipofika nilikuwa na swali langu tayari.

"Kulwa, kabla ya namba. Jana mwezi ulikuwa wapi?"

Mwezi, jamani. Mtu aliyetoka nje jana yake hawezi kukosa kuuona, ulikuwa mkubwa kama sinia. Kulwa akaanza kutaja namba. Nyuma yake nikasikia jenereta likinguruma, na sauti ya mwanaume: "We mtoto, chai iko wapi? Na chapati mbili!" Simu ikakatika.

Jumatatu sikuvaa sare. Mama alikuja mlangoni na mafuta ya kunipaka, akanikuta nimekaa kitandani na gauni la nyumbani.

"Vaa, utachelewa."

"Kulwa hajavaa."

"Umejuaje?"

"Kulwa haendi shule, Mama. Anauza chai machimboni. Kama yeye haendi, na mimi siendi."

Mama alisema nimechanganyikiwa. Jumanne alisema nina kiburi. Jumatano alileta fimbo, nami nikasimama nikampa mgongo nikamwambia, "Nichape nusu. Nusu nyingine kampelekee Kulwa Geita." Fimbo ilibaki hewani. Kisha Mama akakaa chini mlangoni, akacheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. "Ng'wanawane," alisema, mwanangu, "wewe umetoka kwa nani?" Alhamisi aliuza gunia la choroko. Ijumaa asubuhi tulipanda gari Shinyanga mjini, tukapita Isaka kwenye foleni ya malori ya mizigo ya nchi za jirani, tukafika Kahama, na jioni tukawa Geita.

Sikuwa nimewahi kuona machimbo. Nilidhani dhahabu itakuwa inang'aa chini kama vipande vya chupa. Nilichokiona ni vumbi, turubai za bluu, vilima vya mawe yaliyopondwa, na karasha, mashine ya kusaga mawe, inayopiga kelele mpaka meno yanacheza. Juu ya nguzo kulikuwa na taa kubwa za jenereta, nyeupe, za kuumiza macho. Chini ya taa mojawapo, kwenye jiko la mkaa, alikuwa dada yangu. Kanga imefungwa kifuani, kichwa kimejaa vumbi la mawe kama amezeeka, anageuza chapati kwa vidole huku wanaume wenye tochi kichwani wakimzunguka. Aliniona. Hakukimbia kunikumbatia. Aliinua macho, akaonyesha juu kwa mkono wenye mafuta.

"Angalia mwenyewe," alisema. "Huku hakuna nyota, Doto."

Nikaangalia. Hakukuwa na kitu. Juu ya zile taa palikuwa na moshi na weusi tu.

Mama alimkuta Baba kwenye kibanda cha turubai na sikutaka kusikia waliyosemezana. Nilimshika Kulwa mkono nikamvuta, chapati zikaungua, nikampeleka nyuma ya vilima vya mawe, mbali, mpaka mwanga wa taa ukabaki mgongoni. Tulisubiri macho yazoee. Kwanza zikatoka chache, kisha nyingi, na chini upande wa kaskazini, karibu na miti, akatoka Msinziaji.

"Nilikuwa nakisia," Kulwa alisema. "Wiki mbili za mwanzo nilitazama kweli. Halafu wenzake Baba wakamtoa kwenye fungu. Hana kitu. Nikaanza chai jioni, na wachimbaji wanaingia zamu usiku, na asubuhi nalala. Shule..." Akaacha. "Nikajua lazima asinzie siku moja, nikataja Jumanne."

"Ungeniambia!"

"Ningekwambia ungekuja."

"Si nimekuja!"

"Ndiyo maana sikukwambia. Ukija na wewe, nani atafanya mtihani?"

Nilimpiga ngumi ya bega. Alinipiga pia. Baadaye nilipokua nilisoma habari za zile nyota na nikaelewa vizuri alichotuambia Mwalimu: yule hafifu zamani ndiye aliyekuwa mkubwa, akajimimina kwa mwenzake mpaka mwenzake akang'aa kumshinda, na kadiri anavyojimimina ndivyo wanavyosogea mbali kidogo kidogo. Sikuweza kumaliza ukurasa ule siku hiyo. Lakini usiku ule machimboni sikujua lolote la namna hiyo. Nilijua tu kwamba siondoki bila yeye.

Kesho yake jioni nilifunga kanga, nikakaa karibu na jiko la Kulwa, nikasema, "Nipe unga." Baba alikuja kwa magongo yake.

"Doto, unafanya nini?"

"Anachofanya Kulwa."

"Wewe una mtihani mwaka huu."

"Hata yeye anao."

"Mama yako atakurudisha kesho."

"Atarudisha wawili au hatarudisha hata mmoja. Si ndiyo sheria yako, Baba? Nimekunywa dawa za malaria yake miaka yote. Leo nimekuja kunywa na hii."

Wachimbaji wakacheka. Baba hakucheka. Sikujua kukaanga chapati. Zangu zilitoka na pembe, nyingine zimeungua nje na mbichi ndani, na vijana wale walizila wakinitania kwamba ni ramani ya mkoa. Sikusimama. Mkono uliungua, nikaufunga kitambaa. Mama alikaa pembeni, na kila Baba akimtazama, anageuzia uso kwenye karasha. Siku ya pili nikakaanga tena. Siku ya tatu vumbi lilikuwa limenijaa kichwani mpaka wachimbaji wakashindwa kututofautisha, wakawa wananiita mimi Kulwa, na yeye Doto.

Hapo ndipo Baba alipovunjika. Kijana mmoja aliita, "Kulwa, chai!" sote wawili tukainuka kwa pamoja na vikombe, tuna mvi za mawe, na Baba akatuona. Alikaa chini ya turubai akafunika uso kwa mikono yote miwili. Usiku huohuo akasema turudi Songwa sote wawili.

Lakini aliyekataa kuondoka ni Kulwa. "Nani atamlisha?" alimuuliza Mama asubuhi, mizigo ikiwa imeshafungwa. "Hawezi kushuka, hawezi kuponda, hawezi kubeba. Niambieni nani." Mama alianza kusema jambo kuhusu kumrudisha Baba Songwa, na Baba akasema Songwa hataenda kulishwa kama kifaranga mbele ya majirani zake. Tukasimama hivyo, gari la kwanza likatupita, na mimi kwa mara ya kwanza tangu nianze ubishi wangu nikaona nitashindwa.

Baba aliweka magongo chini. Akavuta ndoo ya unga, akaketi kwenye kigoda cha Kulwa, mguu mbovu ameunyoosha mbele, akaanza kukanda. Mwanaume wa Kisukuma, mchimbaji, Baba Kulwa mzima, mbele ya wenzake wanaotoka zamu. Mmoja akasimama akapiga mluzi. "Eeh, mzee! Umekuwa mama lishe?"

"Kaa ule," Baba alisema. "Ulioangukiwa na gogo ni mguu, si mikono." Kisha akatugeukia. "Nendeni."

Tulianza kutembea, Mama mbele, mimi nimemshika Kulwa mkono kwa nguvu kama nimekamata mwizi. Hatukufika mbali. Kulwa aligeuka akaona chapati ya kwanza ya Baba inatoa moshi mweusi, akaninyang'anya mkono, akarudi mbio, akainama kuigeuza.

"Kulwa!" Baba alipiga kelele mpaka waliokuwa kwenye karasha wakageuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka kwenye unga. "Iache iungue! Nimesema iache! Shuleni!"

Kulwa akaiacha ikaungua. Gari la pili lilikuwa limeshawasha injini, na sote wawili tukalikimbilia.